Sura ya Sita: Umri wa Giaboksi ya Kiwandani

Mwaka 2016 Toyota ya Marekani ilimpa mteja wake mmoja wa jimbo la Louisiana pikapu mpya, ikaichukua ile ya zamani ili mainjinia wake waifumue nati kwa nati. Ilikuwa Tundra ya mwaka 2007, na katika miaka tisa hivi ilikuwa imetembea maili milioni moja, yaani zaidi ya kilomita 1,600,000. Ni umbali wa kuizunguka dunia kwenye ikweta mara 40. Injini ilikuwa ileile iliyotoka nayo kiwandani, na giaboksi yake ya otomatiki vilevile.

Msimulie habari hiyo mtu wa Nairobi au Dar es Salaam aliyenunua Prado yenye kilomita 120,000 kwenye mita, kisha gia zikaanza kuteleza kabla mwaka haujaisha. Atakuambia yule Mmarekani alikuwa na bahati, au kwamba magari ya kwao hutengenezwa kwa namna nyingine. Mimi sikubaliani naye. Pikapu ile ilibeba mizigo ya kampuni za mafuta kwenye barabara kuu ndefu, saa nyingi kwa mwendo uleule, na mwenyewe aliipeleka kwa wakala wa Toyota kufanyiwa sevisi zaidi ya mara 100. Giaboksi ikiishi hivyo hupata joto dogo sana, na joto ndilo linaloziua giaboksi za otomatiki kuliko kitu kingine chochote. Anayeuliza kilomita ngapi bila kuuliza joto kiasi gani hapati jibu la maana.

Tuingie ndani tuone joto hilo linatoka wapi. Kati ya injini na giaboksi hakuna klachi ya kukanyaga; kuna konvata, chombo cha duara kilichojaa mafuta. Ndani yake mna mapanga yanayotazamana mithili ya feni mbili: moja inazungushwa na injini na kuyasukuma mafuta, nyingine inasukumwa na mafuta hayo na kuizungusha giaboksi. Katikati yake pana kipande cha tatu kinachoyarudisha mafuta kwa pembe inayoongeza nguvu wakati gari linaondoka. Ni ubunifu wa ajabu, lakini una gharama. Feni ya pili haizunguki kwa kasi ileile ya ile ya kwanza, na nguvu inayopotea katika tofauti hiyo haina pa kwenda ila kuyachemsha mafuta. Gari likishika mwendo wa barabara kuu, klachi ndogo iliyo ndani ya konvata hufunga, feni zote mbili zikazunguka kama kitu kimoja, na chanzo hicho cha joto kikakatika. Tundra ya Louisiana ilitumia sehemu kubwa ya maisha yake klachi hiyo ikiwa imefunga.

Gari linalopanda mlima polepole likiwa na mzigo huishi kinyume cha hapo. Konvata haifungi, injini inasukuma kwa nguvu, magurudumu yanakwenda taratibu, na tofauti yote inageuka joto. Mafuta ya giaboksi hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi. Kuna kanuni ya kukadiria ambayo wanakemia wa vilainishi huitegemea sana: joto likiongezeka nyuzi 10, kasi ya mafuta kuoza kwa hewa huongezeka takriban mara mbili. Kwa hesabu hiyo, mafuta yanayofanya kazi kwenye nyuzi 120 huzeeka mara nane zaidi ya yale ya nyuzi 90. Mafuta yaliyokusudiwa kudumu kilomita 100,000 yanaweza kwisha nguvu katika kilomita 12,000 au 13,000, na mita ya gari haitakuonyesha chochote.

Yakishaoza, mambo hufuatana. Mafuta huacha utando wa kahawia ndani ya bodi ya valvu, mahali penye vijiti vya chuma vinavyoteleza ndani ya matundu yaliyochongwa kwa usahihi mkubwa sana. Kijiti kikikwama kidogo, gia huchelewa kuingia au huingia kwa kishindo. Sili za mpira nazo hukakamaa, presha inavuja, na klachi za ndani hazibanwi vya kutosha. Watu wengi hushangaa wakisikia klachi hizo zimetengenezwa kwa nini: ni sahani nyembamba za chuma zilizogundishwa karatasi maalumu iliyolowekwa gundi ngumu. Karatasi, ndiyo. Ikibanwa sawasawa ndani ya mafuta safi, hudumu miongo. Ikiteleza chini ya mzigo kwa dakika chache tu, huungua, na ile harufu kali ya kuungua unayoisikia ukinusa kijiti cha kupimia mafuta ndiyo hiyo karatasi.

Ningekuwa nadanganya nikisema joto ndiyo hadithi yote. Baadhi ya giaboksi zilizaliwa na nguvu kuliko nyingine, na Wamarekani wanao mfano mzuri ndani ya kampuni moja. General Motors ilileta mwaka 1982 giaboksi ya gia nne iliyoitwa 700R4, ambayo baadaye ikawekewa kompyuta na kuitwa 4L60-E. Ilifungwa kwenye Chevrolet Tahoe, Suburban na pikapu za kawaida kwa miaka mingi. Mwaka 1991 kampuni hiyohiyo ikatoa 4L80-E, mrithi wa Turbo Hydramatic 400 ya mwaka 1964, kwa ajili ya magari ya kazi nzito. Hizi mbili mafundi wa kule huzizungumzia kwa sauti tofauti kabisa. Ile ndogo ina ugonjwa wake wa kuzaliwa: fungu la klachi za gia ya tatu na ya nne ni dogo kwa kazi linayopewa, na lina desturi ya kuungua. Pia kuna bakuli moja la chuma linaloshika gia ya katikati, ambalo hupasuka shingoni. Likipasuka, gari linapoteza gia ya pili, ya nne na ya kurudi nyuma kwa mkupuo mmoja, huku ya kwanza na ya tatu zikiendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ile kubwa haina udhaifu huo, na zipo nyingi zilizovuta matrela kwa kilomita laki kadhaa bila kufunguliwa. Hata hivyo, 4L60-E iliyoongezewa kipoza mafuta na kuepushwa na trela nzito huweza kufika kilomita 300,000, na 4L80-E iliyochemshwa hufa mapema kama nyingine yoyote.

Kwetu Afrika Mashariki swali hili ni la Toyota zaidi kuliko la Chevrolet. Giaboksi za Land Cruiser na Prado zilitoka kwa Aisin, kampuni ya Kijapani iliyoungana na Borg-Warner ya Marekani mwaka 1969 kutengeneza giaboksi za otomatiki. A442 ya gia nne ilikuwemo kwenye Land Cruiser 80, A343 kwenye Prado ya 90, na A750 ya gia tano ikaingia kwenye Land Cruiser 100 mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha kwenye Prado za 120 na nyingine nyingi. Hizi zilijengwa na akiba kubwa: pampu pana, klachi nyingi, presha ya kutosha. Ikitunzwa, kufika kilomita 300,000 au 400,000 bila kufunguliwa si jambo la kutangazwa. Nadhani uimara huohuo umetudhuru. Giaboksi ambayo haikulalamika kwa miaka 15 humfanya mwenye gari aamini kwamba haihitaji chochote, na siku inapolalamika huwa imeshachelewa.

Angalia mahali tunapozipeleka. Mlima Kitonga, kwenye njia ya Iringa, unapandwa nyuma ya malori yanayotambaa kwa mwendo wa mtu anayekimbia, jua la mchana likiwa juu, na familia nzima ndani pamoja na magunia ya mchele. Mtelemko wa Mai Mahiu ukiupanda kurudi Nairobi mambo ni yaleyale. Madereva wengi huacha mkono wa gia kwenye D na kukanyaga mafuta. Giaboksi inapanda gia ya tatu, inashindwa, inarudi ya pili, inapanda tena, na kila badiliko ni klachi mbili zinazosuguana. Weka mkono kwenye 2, au kwenye L mlima ukizidi, na uzime kitufe cha O/D (cha gia ya mwisho) kabla hujaanza kupanda. Injini itapiga kelele zaidi, lakini itazunguka haraka, pampu itasukuma mafuta mengi kwenda kwenye kipoza, na konvata itateleza kidogo. Abiria wakilalamikia kelele, waambie wavumilie dakika 15.

Matope ni mabaya kuliko mlima. Gari likizama, dereva hulitikisa: D, R, D, R, magurudumu yakizunguka bure. Katika dakika chache mafuta hupanda joto kuliko safari nzima ya Dar es Salaam hadi Dodoma, na gurudumu linalozunguka kwa kasi likikamata ardhi ngumu ghafla, pigo lote linaishia ndani ya giaboksi. Jembe na ubao chini ya tairi vitaokoa pesa nyingi sana hapo.

Kwa sababu hii nina maoni ambayo wauzaji wa magari hawayapendi. Nikiwekewa mashangingi mawili, moja la ofisi lililotembea kilomita 280,000 za barabara kuu na lina kitabu cha sevisi, na lingine la mjini lenye 110,000 za foleni ya asubuhi na jioni na halina kumbukumbu yoyote, nitaanza kulikagua lile la kwanza. Hiyo 110,000 yenyewe huenda si ya kweli, kwa kuwa mita hurudishwa nyuma. Rangi ya mafuta, harufu yake, na jinsi gia zinavyoingia baada ya gari kutembea nusu saa ni ushahidi mgumu kuufuta.

Kuna kifo kingine kisichoanzia kwenye giaboksi kabisa, na huku kwetu sikioni kikizungumzwa inavyostahili. Katika magari mengi ya otomatiki, mafuta ya giaboksi hupoozwa kwa kupitishwa kwenye mrija ulio ndani ya tangi la rejeta, ukiwa umezungukwa na maji ya injini. Ukuta unaoyatenganisha ni mwembamba. Nissan Pathfinder, Frontier na Xterra za mwaka 2005 hadi 2010 zilipata sifa mbaya Marekani kwa sababu ya ukuta huo: ulipasuka, maji yenye kizuia kutu yakaingia kwenye mafuta, na mafuta yakageuka uji wa rangi ya waridi. Maji hayo huyeyusha gundi inayoshika karatasi za klachi. Kulikuwa na kesi ya pamoja mahakamani, na Nissan ikaongeza muda wa dhamana ya rejeta hizo. Magari ambayo yangeishi miaka mingi yalizikwa na kipande cha rejeta.

Sisi tunajitengenezea ugonjwa huohuo kwa mikono yetu. Tunajaza rejeta maji ya bomba, au ya kisima chenye chumvi kwa wakazi wa Pwani, na kuyaacha miaka. Maji hayo hayana dawa ya kuzuia kutu, basi yanakula rejeta kutoka ndani, pamoja na ule mrija. Halafu tunatoa thamostati, ile valvu inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, kwa imani kwamba injini itakuwa baridi na salama. Lakini kompyuta za Toyota nyingi haziruhusu gia ya mwisho wala kufunga konvata mpaka maji ya injini yapate joto la kutosha. Asubuhi ya Limuru au Mbeya, gari lisilo na thamostati huweza kwenda kilomita nyingi konvata ikiteleza, kwa sababu kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa. Mwenye gari analaumu unywaji wa mafuta. Giaboksi nayo inapika taratibu, na hakuna anayehusisha mambo haya mawili. Thamostati mpya na dawa halisi ya rejeta ni sehemu ya matunzo ya giaboksi sawa na filta yake.

Tuje kwenye mafuta yenyewe, maana ugomvi mwingi wa gereji uko hapa. Mafuta ya giaboksi yana kazi mbili zinazopingana: yalainishe vyuma, lakini yaruhusu karatasi za klachi zishikane. Uwiano huo ni mgumu kuupata, na zamani ulipatikana baharini. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 watengenezaji walichanganya mafuta ya nyangumi wakubwa wanaojulikana kwa kichwa chao cha mraba, kwa kuwa yalistahimili joto na kulainisha mshiko wa klachi. Mwaka 1970 Marekani iliwaweka nyangumi hao kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na wanakemia wakalazimika kutafuta viungo vingine. Tangu hapo kila kampuni imeendelea na njia yake. Toyota ilitumia Dexron, ikaja na T-IV, kisha WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Nissan ina Matic-D, Matic-J na Matic-S. Kumimina Dexron III kwenye kila giaboksi kwa sababu ndiyo iliyopo dukani na ina rangi nyekundu ni kosa. Gari halitakufa njiani siku hiyo, lakini mshiko wa klachi hautakuwa ule uliopimwa kiwandani, na konvata itatetemeka wakati wa kufunga.

Halafu kuna maneno kwamba mafuta ya giaboksi mpya hayabadilishwi milele. Wenye Land Rover Discovery 3 waliambiwa hivyo kuhusu giaboksi yao ya gia sita, iliyotengenezwa na ZF ya Ujerumani. ZF yenyewe inashauri mafuta hayo yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kati ya anayeuza gari na aliyetengeneza giaboksi, namsikiliza wa pili. Kwa barabara zetu, vumbi letu na mizigo yetu, kilomita 60,000 hadi 80,000 ni kiwango ninachokitetea bila wasiwasi, na anayevuta trela au kupanda milima kila wiki apunguze hapo.

Matoleo ya baadaye ya A750 na nyingi zilizoifuata hazina kijiti cha kupimia mafuta. Kiwango kinapimwa kwa kufungua nati ya chini injini ikiwa inaunguruma, gari likiwa sawasawa, mafuta yakiwa kwenye joto lililotajwa na mtengenezaji. Yakiwa ya moto kuliko hapo yanakuwa yametanuka. Fundi ataona yanamwagika, ataridhika, na gari litaondoka na mafuta pungufu. Fundi asiye na kifaa cha kusoma joto hilo asiiguse.

Utasikia pia kwamba giaboksi ya zamani ukiibadilishia mafuta inakufa. Kilichopo nyuma ya imani hiyo ni nusu ya ukweli. Karatasi za klachi zikishaisha, unga wake ulio kwenye mafuta machafu huongeza mshiko kidogo, na mafuta safi huondoa msaada huo. Giaboksi hiyo ilikuwa tayari imefika mwisho. Mafuta mapya yameharakisha mazishi tu. Ile ambayo gia zake bado zinaingia vizuri haina sababu ya kuogopa. Kwa kuwa kumwaga kwa chini hutoa theluthi moja au chini ya nusu tu ya mafuta, na mengine hubaki ndani ya konvata, fanya hivyo mara mbili au tatu, ukitembea wiki mbili kati ya kila mara, na ubadilishe filta mara ya kwanza.

Gari la otomatiki likiharibika njiani, lisivutwe kwa kamba magurudumu yote yakiwa chini. Pampu ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, shafti ya nyuma inazunguka ndani ya giaboksi isiyopata tone la mafuta. Kilomita 50 za kuvutwa hivyo zinatosha kuimaliza giaboksi iliyokuwa nzima, kwa tatizo ambalo pengine lilikuwa mkanda wa alternita tu. Ama libebwe juu ya lori, ama propela zote mbili zifunguliwe kwanza.

Nasisitiza haya yote kwa sababu giaboksi ya pili mara chache hulingana na ya kwanza. Mwenye gari ana njia mbili. Ya kwanza ni kwenda Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi kununua ya mtumba kutoka Japani, ambayo haina historia na imekaa bila mafuta kwa muda usiojulikana. Ya pili ni oveholi. Oveholi nzuri inawezekana, na tunao mafundi hodari wa kazi hiyo, lakini nyingi hufa ndani ya mwaka mmoja kwa kosa lilelile: fundi anabadilisha sahani na sili, anaosha kila kitu kilicho mezani, kisha anairudisha konvata ya zamani na kuunganisha mirija ya kipoza bila kuisafisha. Unga wa chuma na karatasi kutoka kwenye kifo cha kwanza umejificha humo. Injini ikiwashwa, uchafu wote unasukumwa ndani ya kazi mpya.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza konvata imefunguliwa na kukarabatiwa au ni nyingine, na uombe uone mafuta safi yakipita kwenye mirija ya kipoza na kutoka safi upande wa pili. Kipoza kilicho ndani ya rejeta iliyozeeka kibadilishwe pamoja na rejeta yake. Gari likishatembea kilomita 1,000, sampu, yaani bakuli la mafuta la chini ya giaboksi, ifunguliwe tena na sumaku zilizo chini yake ziangaliwe: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, lakini vikionekana vipande vinavyochoma kidole, irudi mezani siku hiyohiyo, kabla havijafika kwenye bodi ya valvu.